Kunguni hapandi boti mwenyewe, unampandisha wewe

Mie natandika vitanda vya watu. Mwaka wa saba huu niko hausikipingi kwenye hoteli moja huku pwani ya mashariki ya Unguja, siku ya wageni wengi napiga vyumba kumi na mbili mpaka kumi na nne, na nshafundishwa kunguni anakaa wapi, anapita wapi, anapenda nini. Alafu mie huyohuyo mwaka juzi nikaenda Dar kwenye harusi ya binti wa ami yangu, nikalala gesti siku tatu, nikarudi nao nyumbani. Kwaiyo haya nnayokwambieni nusu ni kazi na nusu ni aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Tumefika na boti ya jioni, bahari chafu, dada yangu katapika tangu tunaipita Chumbe mpaka tunafunga gati. Gesti yenyewe safi, chumba kinanukia Dettol, shuka nyeupe, nikasema alhamdulillah, nikatupa begi kitandani nikalifungua palepale nikatoa dera la kulalia. Basi, kazi iliishia hapo. Sikunyanyua hata ncha ya shuka, mie ambae kazini nikiona kidoto cheusi kwenye foronya namwita supavaiza. Asubuhi nna vipele vitatu mkononi vimejipanga mstari mmoja, nikasema mbu wa Dar hao.

Wiki tatu baada ya kurudi Unguja, mwanangu anaamka anajikuna shingo. Nikabadilisha sabuni. Nikamkataza embe. Ikaja siku nikaamka saa nane usiku, nikawasha tochi ya simu ghafla nikafunua pindo la foronya, yupo mmoja anakimbilia mshono, kashiba, mwekundu kama punje ya komamanga. Nikambonyeza kwa ukucha na ile harufu ikaja, kama kotmiri iliopondwa ikaachwa ikavunda, ukiinusa mara moja huisahau. Na kitanda chenyewe samadari ya bibi, nakshi tupu, viungo na matundu kila pahala, yani kunguni akiambiwa achore nyumba anayoitaka atachora samadari. Miezi miwili na nusu tumehangaika.

Sasa jambo la mwanzo ulijue, maana watu wengi hapa ndo wanapokosea. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, ila huyo ni chawa. Kunguni mwilini hakai. Anakuja usiku akinusa pumzi zako na joto lako, ananyonya dakika tano mpaka kumi, akishiba anarudi zake kujificha. Haruki, habebwi na upepo, anatembea tu kwa miguu. Wala si papasi wa Forodhani, wale vijana wanaowaandama watalii, kwamba atakuganda mpaka kwako. Anaefika kwako kafika kwa sababu alitafuta mwanya wa kujificha akauona mshono wa begi lako, zipu yake, bitana yake, akaingia akalala, na wewe ukalibeba mpaka bandarini Malindi ukalipakia kwenye daladala ukalisukuma uvunguni mwa kitanda chako. Uvunguni, yani umemshusha mlangoni kabisa! Kwaiyo ukiwa safari linalotaka kulindwa zaidi ni begi. Mwili utaoga tu.

Na kunguni si uchafu wa mtu. Hili nalirudia kila siku kwa wasichana wapya kazini. Gesti ya elfu ishirini anakaa na hoteli ya nyota tano anakaa, maana chakula chake ni damu na damu ya tajiri na maskini kwake moja. Tena hoteli kubwa inapokea mabegi kutoka dunia nzima. Mwaka 2023 Paris ilitaharuki kwa kunguni, kwenye masinema mpaka kwenye matreni, na ilikuwa imebaki chini ya mwaka mmoja waandae Olimpiki ya 2024. Kwaiyo usiangalie bei ya chumba ukalegea, na usiangalie ufukara wa gesti ukamdharau mwenyewe.

Ukifika, begi lisiguse kitanda, wala kochi, wala zulia. Lipeleke moja kwa moja chooni, kwenye vigae, kunguni vigae hapendi maana havina pa kujishikiza wala pa kujificha. Najua vyoo vyetu vya gesti vingi sakafu ni maji matupu, bas liweke juu ya kiti cha plastiki au litundike kwenye ndoano ya mlango. Ile stendi ya chuma ya mabegi ya hotelini nzuri pia ila zitizame kwanza kanda zake, pale zilipokunjwa zikashonwa.

Alafu washa tochi ya simu hata kama taa inawaka. Taa za gesti unazijua. Anza upande wa kichwani, maana wengi wao wanakaa karibu na pale pua yako inapolala. Vuta shuka pembe ya juu mpaka godoro libaki uchi, tizama ule mshono wa pembeni wenye kipindo kama kamba, nao ndo mtaa wao mkuu. Chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari au kadi ya benki upitishe ndani ya kile kipindo kama unakwangua, kama yumo atatoka. Angalia nyuma ya lebo ya godoro, kwenye vifungo kama vipo. Nyanyua godoro, tizama chaga, khasa pale chaga inapokutana na fremu, na kwenye matundu ya skrubu. Ule ubao wa kichwani kama haukugongelewa ukutani uvute kidogo umulike nyuma. Kwetu sie visiwani ongeza chandarua, pembe za juu na ile mikunjo ya mshono, watu hawaangalii kabisa huko. Baada ya hapo kimeza cha pembeni, vuta droo ugeuze chini yake. Kazini mie nafanya yote hayo kwa dakika tatu, wewe ukijifunza itakuchukua tano.

Unatafuta nini? Mkubwa ana urefu wa milimita tano mpaka saba, bapa, rangi ya kahawia, mtie kwenye adesi na hutomjua. Watoto wao ni kama ufuta, rangi ya majani ya chai yaliopauka, akinyonya ndo anageuka mwekundu. Mayai ni milimita moja, meupe, kama chembe ya chumvi lakini yamegandishwa, hayapukutiki ukipuliza. Ila mara nyingi kunguni mwenyewe humuoni mchana, unaona alichoacha: vidoto vyeusi kama umegusisha ncha ya peni ya wino, vimejikusanya pamoja pahala pamoja. Lowesha tishu usugue. Kikitapakaa rangi ya kutu hiyo ni damu iliokwisha kuliwa, hicho ni choo chake. Kisipotapakaa ni uchafu wa kawaida, mwache mwenye gesti apumue. Pia utaona magamba, maana anajivua ngozi mara tano mpaka awe mkubwa, na kila mara lazima anyonye kwanza.

Ukimuona, usipige kelele ukumbini. Piga picha, shuka mapokezi, mwambie taratibu, "Kaka, chumba kile kina kunguni, nipe chengine, ila si cha ubavuni mwake." Hilo la ubavuni ndo la maana. Kwetu kazini chumba kikionekana nao tunakifunga na tunakagua cha kulia, cha kushoto, cha juu na cha chini, maana wanapenya kwenye soketi na nyufa za ukuta. Ukipewa chumba chengine ukague upya, usione haya. Mtu wa mapokezi akinuna, na anune.

Na kama boti ya mwisho imeshaondoka na gesti zote zimejaa, tuseme umefika Mkoani kule Pemba usiku na huna pengine, bas utalala lakini kwa akili. Vuta kitanda mbali na ukuta, shuka na shali zisiburure chini, begi lifungwe zipu yote litiwe ndani ya mfuko na litundikwe. Usiwashe taa usiku kucha ukidhani anaogopa, mwenye njaa haogopi taa. Na nguo unazolalia uzijue ni zipi, hizo zinakwenda kwenye mfuko wake peke yake asubuhi.

Tukifika kwenye mifuko, kuna kamushkeli. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, bara tangu tarehe 1 Juni 2019 na kwetu hapa tulitangulia zamani, kwaiyo usitegemee kuomba rambo dukani. Nnachobeba mie ni mifuko myeusi ya taka, ile mikubwa inayouzwa kwa roli, miwili mitatu nimeikunja kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Mmoja wa begi lenyewe likiwa chumbani, mmoja wa nguo chafu, mmoja akiba. Fundo lake usifunge la mapenzi, lizungushe shingo ya mfuko, likunje, ulifunge.

Nguo chafu nimezitaja makusudi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield huko Uingereza waliweka mifuko ya nguo safi na ya nguo zilizovaliwa kwenye chumba chenye kunguni, na kunguni wakakutwa kwenye zile zilizovaliwa mara mbili zaidi. Ile harufu ya jasho letu inabaki kwenye nguo, na mwenye nguo asipokuwepo wanaifata nguo. Sasa fikiria tunavyofanya, unavua fulana unaitupa pembeni ya kitanda, inalala siku tatu, siku ya kuondoka unaikusanya kwa mkupuo unaisokomeza begini. Mie kila nikiingia chumba cha mgeni nikikuta begi liko wazi sakafuni na nguo zimemwagika nje, natamani kumuandikia kikaratasi.

Usitoe nguo ukazipanga kabatini au kwenye droo kama umehamia. Siku mbili tatu, ishi ndani ya begi, toa unachovaa, funga zipu. Unachotaka kutundika, tundika peke yake kwenye hanga mbali na ukuta.

Safarini kurudi sina mengi. Kwenye boti mabegi yanapangwa juu ya mabegi, hilo huliwezi, ila begi likiwa ndani ya mfuko wake halipokei mgeni wala halitoi. Mkoba mdogo kaa nao mapajani.

Sasa kufika nyumbani, hapa ndo nilipofeli mie, na nnavyoona ndo wanapofeli wengi, maana mtu kachoka, watoto wanamrukia, wanataka zawadi, begi linaburutwa mpaka chumbani na kumwagwa kitandani ili kila mtu aone kilicholetwa. Usifanye. Begi liishie uani. Kama huna ua, barazani, kama uko fleti za Michenzani bas bafuni au kwenye veranda. Tandika shuka nyeupe ya zamani, fungulia hapo mchana, anaekimbia utamuona.

Nguo zote, zilizovaliwa na zisizovaliwa, hazipandi kabatini. Anachokiogopa kunguni ni joto, sabuni ni mchezo tu kwake. Maji ya baridi na Omo unamkosha tu, mayai yanabaki. Kama una mashine, iweke nyuzi 60. Dobi mwenye draya, mwambie draya ya moto nusu saa, tena hilo linaua hata bila kufua. Wengi wetu tunafua kwa mkono, kwaiyo chemsha maji, roweka zile zinazostahamili, anika juani mpaka zikauke kavukavu, alafu piga pasi ya moto, na pasi yenyewe ikae kwenye mishono na mapindo na kola, usiipitishe haraka kama unawahi skuli. Pasi ni silaha kubwa na kila nyumba inayo.

Buibui lenye vijiwe, shela, viatu vya ngozi, vitu hivyo maji moto yataviharibu. Vitie kwenye mfuko, ufunge, uvizamishe kwenye friza siku nne kamili, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ile ya kugandisha malai ya kuuza inafika, kisehemu cha barafu cha juu kwenye friji ndogo usikitegemee. Na umeme ukikatika ukarudi, anza kuhesabu upya. Mume wangu alifungua friza akakuta kanzu yake ya Iddi imelalia samaki, hakusema kitu, alifunga tu mlango.

Begi lenyewe lipige brashi ngumu kwenye mishono yote, mifuko ya ndani, chini kwenye magurudumu, bitana kama ina zipu fungua. Kama la kitambaa na linavumilia, maji ya moto. Watu wanapenda kusema lianike tu juani. Jua letu la kaskazi kali kweli, ila kunguni hufa joto likifika nyuzi 50 pale alipo yeye, na godoro au begi lililoanikwa hivihivi linapata joto juu tu, chini kuna kivuli, na yeye anahamia kivulini kama weye na mie tunavyohamia chini ya mwembe. Ukitaka jua likufae litie begi tupu ndani ya ule mfuko mweusi, funga, liweke juu ya bati au saruji kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri, ligeuze, rudia siku kadhaa. Au gari lililofungwa vioo juani. Hata hivyo mie sitegemei jua peke yake, brashi na maji moto kwanza.

Baada ya hapo begi lisirudi uvunguni. Stoo, au juu ya kabati la ukumbini, ndani ya mfuko wake uliofungwa. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwaiyo begi kulala stoo wiki mbili si dawa.

Alafu mulika kitanda chako. Mie naangalia kila Ijumaa nikibadilisha shuka, wiki sita baada ya safari. Kwa nini muda wote huo? Mayai yanachukua wiki moja mpaka mbili kupasuka, na jike mmoja tu aliepandwa anatosha, anataga yai moja mpaka matano kwa siku. Na ngozi si shahidi wa kuaminika, kuna mtu anang'atwa leo kipele kinatoka baada ya siku kumi, na kuna mwengine hatoki kitu kabisa, mume wangu ni mmoja wao, ndo maana miezi ile yote aliniambia naota. La kushukuru ni kuwa hawajulikani kumwambukiza mtu maradhi kama mbu, ni muwasho na kukosa usingizi. Mtoto akijikuna mpaka akajitoa vidonda mpeleke kituo cha afya vidonda visije kuingia wadudu.

Ukiwakuta wameshaingia, usifanye nliofanya mie. Nilipuliza dawa ya mbu ya kopo, wakatawanyika chumba cha pili, maana sumu hizo za kawaida kunguni wengi wameshazizoea. Usihamie kulala ukumbini, watakufata. Baki kitanda hichohicho, kivute mbali na ukuta, matendegu yatie kwenye makopo ya maji yenye mafuta kidogo kama bibi zetu walivyokinga siafu, chandarua kisokomeze chini ya godoro, na uite fundi wa kupuliza anaejua, tena akubali kurudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya mayai. Mafuta ya taa na petroli kwenye chaga hapana jamani, hiyo ni kuchoma nyumba. Na dawa za shambani, zile za kunyunyizia mboga na pamba, usizitie chumba wanacholala watu.

Kimebaki kitu kimoja kigumu kuliko vyote hivi, nacho ni mgeni. Shangazi yangu karudi Umra mwezi uliopita, kafikia kwangu siku mbili kabla ya kupanda boti ya Pemba. Kashuka kwenye teksi na masanduku mawili na boksi la zamzam.

"Shikamoo shangazi, Allah akutakabalie."

"Marahaba mwanangu, amin. Haya nishike mkono, hayo masanduku yapeleke chumbani nitoe zawadi."

Nikamwambia, "Shangazi, masanduku yatakaa uani kidogo, ntakuletea kiti na chai hukohuko, tufungue pamoja."

Akanitizama. "Kwani nna nini mie?"

"Huna kitu. Mie ndo nilikuwa nao. Niliwatoa Dar, miezi miwili na nusu silali."

Hapo akacheka mpaka akakaa. Nimegundua ukianza kwa kujitaja wewe mwenyewe, mtu haoni kama umemvunjia heshima. Tukafungua pale kwenye shuka nyeupe, misala na kanzu zikaenda kwenye maji moto na pasi, buibui zake na tende zikaingia friza, boksi tukalichana likabaki nje. Madumu ya zamzam tukayafuta kwa kitambaa, hayo ndo yalioingia ndani siku hiyohiyo.